Chembe isiyoonekana hugunduliwaje?

Swali: Nafundisha fizikia katika shule ya upili huku Kakamega. Mwanafunzi wangu wa kidato cha nne amesoma kwamba kwenye LHC, mtambo wa kugonganisha protoni ulioko mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, wanatafuta bosoni ya Higgs (chembe inayohusishwa na jinsi chembe nyingine zinavyopata uzito) inayovunjika kuwa chembe zisizoonekana. Akaniuliza: kama hakuna kilichoonekana, wamejuaje kuna kilichovunjika? Sikuwa na jibu la kumtosheleza.

Jibu: Mwalimu, huyo mtoto amegusa penyewe. Higgs ikizaliwa peke yake na kuvunjika bila kuacha alama, kigunduzi hakiandiki kitu na tukio hilo limetupotea. Kwa hiyo watafiti huitafuta ile iliyozaliwa na mwenzake anayeonekana, kwa mfano bosoni ya Z, chembe nzito inayovunjika upesi, ikitoa elektroni na positroni (pacha wa elektroni mwenye chaji chanya), au vishada viwili vya chembe vinavyoruka pande mbili za kigunduzi.

Mimi huwaambia wanafunzi wangu hapa Kisumu wafikirie ufuo wa Dunga usiku. Mtumbwi umetulia majini. Mtu anaruka kutoka ndani yake. Humwoni, ila unauona mtumbwi ukisukumika upande wa pili. Ukijua uzito na kasi ya mtumbwi, unajua momentamu (uzito mara kasi) ya aliyeruka na alikoelekea.

Kwenye LHC kuna tatizo moja. Zinazogongana hasa si protoni nzima bali kwaki na gluoni, chembe ndogo zilizomo ndani yake, na hatujui kila moja ilibeba sehemu gani ya mwendo. Kufuata mstari wa mwale wa protoni, hesabu haifungi. Lakini kwa upande unaokingamana na mwale, jumla ya momentamu kabla ya mgongano ni karibu sifuri, basi na baadaye lazima iwe hivyo. Vigunduzi vya ATLAS na CMS hujumlisha kila kilichoonekana; pengo linalobaki ndilo alama ya kilichotoroka.

Pengo si ushahidi bado. Kishada kikipimwa vibaya, pengo hutokea. Tena kuna nyutrino, chembe nyepesi mno isiyo na chaji: bosoni ya Z huvunjika kuwa nyutrino takriban mara 20 katika kila 100, na nyutrino hupenya kigunduzi bila kugusa kitu. Hapo kuna ufundi ninaoupenda kuliko wote katika kazi hii. Watafiti huchukua matukio ambamo Z ilitoa myuoni mbili (chembe kama elektroni ila nzito zaidi), zinazoonekana vizuri, kisha wakaziondoa kwenye hesabu kana kwamba hazikuwapo. Pengo linalotokea linafanana na lile la nyutrino. Na kwa kuwa Z hutoa nyutrino karibu mara 6 zaidi ya inavyotoa jozi ya myuoni, wanaweza kukadiria ni matukio mangapi ni ya nyutrino tu. Kinachotafutwa ni ziada juu ya hapo.

Njia ya kuhesabu visivyoonekana imewahi kutoa jibu zuri ajabu. Mtambo wa LEP, uliofanya kazi kati ya 1989 na 2000 katika handaki la kilomita 27 ambalo sasa lina LHC, ulipima ni kiasi gani cha Z hakionekani. Wakagawanya kwa mchango wa aina moja ya nyutrino, wakapata 2.984, kosa likiwa 0.008. Yaani aina tatu za nyutrino nyepesi.

Kwa Higgs, nadharia tuliyo nayo inatabiri mivunjiko isiyoonekana ya takriban asilimia 0.1 tu, kupitia Z mbili zinazotoa nyutrino nne. Vipimo vya ATLAS vilivyounganishwa mwaka 2023 vinasema, kwa uhakika wa asilimia 95, kwamba haizidi asilimia 11 hivi. Katika nafasi hiyo iliyobaki, maada ya giza, ile isiyotoa wala kuakisi mwanga, bado inaweza kujificha.

Kesho wape karatasi ya grafu. Kishada kimoja kina momentamu ya 60 kuelekea mashariki, kingine 80 kuelekea kaskazini. Watapata pengo la 100 kuelekea kusini-magharibi. Kisha waulize kama ni nyutrino, maada ya giza au kipimo kibovu. Kwa tukio moja hawawezi kujua, na hata ATLAS haiwezi. Ndiyo maana matukio hukusanywa kwa miaka.