Mumeo anayekoroma: anzia kwenye pumzi, si kwenye sahani

Pole dada. Mumeo kanenepa ndani ya miaka mitatu, anakoroma hadi pumzi inakatika, mchana anasinzia, na ukitaja uzito ananuna. Nimekuelewa, maana huyo mume nilikuwa mimi, kilo 118.

Cha kwanza si chakula, ni hiyo pumzi. Kukatika pumzi usingizini hupandisha shinikizo la damu na kuchosha moyo, na usingizi mbovu huongeza njaa. Basi unene unazaa unene. Mpeleke kwa daktari wiki hii, na asiendeshe gari akiwa na usingizi. Apimwe presha, sukari na kiuno. Kwa mwanamume, kupita sentimita 102 ni hatari. Ataje pia dawa anazotumia, kwani baadhi, kama steroidi (dawa za kutuliza uvimbe mwilini), hunenepesha, na tezi ya shingoni ikifanya kazi kivivu nayo huongeza kilo. Si kila mnene ni mlafi, jamani.

Utani uache kabisa. Mimi niliacha hata kwenda harusini kwa maneno ya ndugu, nikajifungia ndani nikila. Badala ya kumwambia "punguza", tembeeni pamoja jioni, na vinywaji vya sukari visiingie nyumbani, hata vyako. Akipunguza asilimia 5 hadi 10 tu ya uzito, presha na sukari kwa kawaida huanza kutulia. Dawa za kukondesha za mitandaoni msiziguse.

Akipata maumivu ya kifua, au akishindwa kupumua akiwa macho, hospitali saa hiyohiyo.