Setapu ya bingwa kwenye vumbi la Dodoma

VUMBI NA RIMOTI: Fundi wetu wa Arusha anajibu maswali ya wasomaji kuhusu magari ya rimoti ya mashindano

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza oili. Oili ya shokapu, oili ya difu (zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu), oili ya kampuni gani. Nitaifikia, lakini kwa foleni yake.

SWALI: Fundi, shikamoo. Nina bagi, gari la rimoti la kukimbia kwenye vumbi, ya umeme ya saizi ya moja kwa nane ya gari halisi, inavuta magurudumu yote manne, betri ya seli 4. Nilikuwa naiendesha kama ilivyotoka dukani. Halafu nikapata karatasi ya setapu, yaani mipangilio ya gari, ya dereva mmoja bingwa wa Marekani, nikanakili kila kitu: difu oili ya 10,000 mbele, 10,000 katikati, 7,000 nyuma (namba ikiwa kubwa, oili ni nzito), springi ngumu, gari limelala chini, tairi za vipele vifupi. Sasa nikitoka kwenye kona nikaongeza moto, mkia unatangulia. Kwenye tuta la kurukia inatua kwa pua. Uwanja wetu ni ardhi ngumu yenye changarawe laini juu. Nifanyeje?
Msomaji, Dodoma

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kabla ya kushika bisibisi, irudie hiyo karatasi usome sehemu ya juu kabisa, pale panapoandikwa aina ya uwanja. Wengi wanairuka. Viwanja vingi vya Marekani, hasa vilivyo ndani ya majengo, ni udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa na kumwagiwa maji kila mara. Vingine humwagiwa maji ya sukari hadi udongo unanata. Ndiyo, sukari hii hii inayotutoa jasho dukani ikikaribia Ramadhani. Kwenye uwanja wa namna hiyo tairi inashika mno, na anachoogopa dereva ni gari kupinduka kwenye kona. Ndiyo maana bagi inalazwa chini, inakazwa isiyumbe, difu zinawekewa oili nzito. Vyote hivyo ni dawa ya mshiko uliozidi. Wewe hata wa kuazima huna.

Anza na tairi. Usiguse kingine chochote mpaka umalize hapo. Changarawe yenu inakaa kati ya mpira na ardhi kama punje za mtama zilizomwagika sakafuni, na kipele kifupi kinaelea juu yake. Unahitaji vipele virefu vilivyoachana, vipenye mpaka vifike kwenye ardhi ngumu. Mpira laini kabisa utakushika vizuri asubuhi, jioni utakuwa umekwisha. Kwa changarawe kavu nunua wa ugumu wa kati. Kisha kagua gundi. Bana ukingo wa tairi kwa kidole gumba uuvute utoke kwenye rimu, uzunguke nao gurudumu zima. Panapofunguka, safisha vumbi, tia tone la supaglu nyepesi, shikilia. Angalia pia lile tundu dogo la kupumulia kwenye rimu au kwenye tairi. Likiziba kwa tope, hewa iliyo ndani haina pa kutokea, na tairi inadunda kila inapogonga jiwe hata ungekuwa na shokapu za dhahabu.

Tairi zikikaa sawa, inua gari. Liweke tayari kwa mbio, betri ndani na bodi juu, liinue shubiri moja kutoka mezani uliachie litue lenyewe, halafu pima nafasi iliyo chini ya chasisi. Kwa bagi ya saizi yako, kwenye uwanja wenye mashimo, milimita 28 mbele na 29 au 30 nyuma ni mahali pazuri pa kuanzia. Meza iwe tambarare kweli. Mimi natumia kipande cha kioo cha dirisha, kwa sababu mbao za meza za kwetu zina mambo yake.

Sasa difu, na hapo ya katikati ndiyo inayokutesa. Oili nzito katikati inafunga mbele na nyuma pamoja, ukikanyaga moto nguvu zote zinafika chini kwa mkupuo, na magurudumu ya nyuma yaliyokwisha kupungukiwa mshiko yanaachia. Oili nyepesi inaruhusu sehemu ya nguvu ikimbilie mbele, mkia unatulia. Weka 7,000 mbele, 5,000 katikati, 3,000 nyuma. Ile ya 3,000 nyuma inayaacha magurudumu mawili yazunguke kila moja kwa mwendo wake kwenye kona, badala ya kuburuzana. Ukifungua difu futa oili ya zamani yote, mpaka ndani ya meno ya gia, la sivyo utakuwa na mchanganyiko ambao hata wewe hujui ni wa ngapi.

Springi, hasa za nyuma, rudisha laini. Gari linalolala kidogo kwenye kona linalikandamiza gurudumu la nje, na ukikanyaga moto linakalia magurudumu ya nyuma, ndicho unachokitaka. Kama stabilaiza ya nyuma, ile fimbo inayozuia gari kuyumba, ni nene, weka nyembamba. Magurudumu ya nyuma yatazame ndani digrii 3, na yalale kwa juu kuelekea ndani digrii 2 hivi.

Kuhusu kutua kwa pua, nusu yake ni kidole chako. Gari likiwa hewani, moto unainua pua na breki inaishusha. Wengi wakikaribia ukingo wa tuta wanaogopa, wanaachia moto, na pua inazama. Panda tuta na moto ule ule mpaka magurudumu yaachane na ardhi. Ikiendelea kuzama, basi shokapu za nyuma zinarudi haraka mno na kulirusha tako la gari juu. Hapo ndipo oili nzito kidogo nyuma inasaidia.

Na kwa kuwa utazifungua, zijaze ipasavyo. Vuta fimbo mpaka pistoni iwe chini kabisa, mimina oili hadi karibu na mdomo, halafu pandisha na kushusha pistoni polepole bila kuitoa nje ya oili. Utaona viputo vikichomoza kwenye matundu ya pistoni, kwanza vikubwa, baadaye vidogo kama vumbi. Visimamishe kwenye kikombe, kanywe chai. Ukirudi juu patakuwa na povu jembamba limejikusanya. Likifutika, ongeza oili mpaka ifurike kidogo, kalisha kile kiwambo cha mpira, funga kifuniko huku fimbo imepanda ili oili iliyozidi itoke pembeni. Bonyeza za kushoto na kulia pamoja karibu na sikio. Inayolia “chwi chwi” ina hewa, irudie.

Ukishafika hapo, badilisha kitu kimoja, zunguka uwanja, andika. Ukibadilisha vitatu kwa mpigo na gari likapona, hutajua kilichoiponya.

SWALI: Mzee wangu, nimenunua bagi ya injini ya mafuta kwa mtu wa huko kwenu Arusha. Kwake nilishuhudia ikikimbia vizuri, ilikuwa inawaka kwa mvuto mmoja. Kufika nayo Tanga inapata moto mkali, ikifika kasi ya juu inakatika, na plagi mbili zimeungua. Aliyeniuzia anasema hakugusa kitu. Nimeibiwa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hujaibiwa, na hiyo kwamba hakugusa kitu ndiyo shida yenyewe. Arusha tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari. Mgandamizo wa hewa huku ni pungufu kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na kwenu, kwa hiyo injini iliyosetiwa huku imefungiwa sindano, ile skrubu ya kabureta inayopima mafuta, ili mafuta yaendane na hewa nyepesi. Umeishusha pwani, hewa ikawa nzito, sindano ikabaki pale pale. Mafuta yamekuwa machache kwa hewa hiyo. Na kwenye injini hizi mafuta ndiyo yanayobeba oili ya kulainisha. Yakipungua, ulainishaji na upoaji vinapungua pamoja. Toa plagi uangalie waya wake mwembamba. Ukiwa umepauka kama majivu au umepinda, umepata ushahidi.

Fungua sindano kubwa, ile ya kasi ya juu, kinyume cha saa, robo mzunguko. Washa, iache ipate joto, ikimbize. Unataka kuona mstari wa moshi wa samawati nyuma yake hata ikiwa kasi. Ikivuta kwa uzito na kukoroma, anza kufunga kidogo kidogo, kila mara kama dakika tano za uso wa saa, mpaka inyooke, kisha simama hapo. Kama una kipimajoto cha kuelekeza, kielekeze kwenye plagi: nyuzi 100 hadi 120 za Selsiasi ni sawa. Ukipita 130, zima kwanza, maswali baadaye.

Sindano ndogo, ya kasi ya chini, ipime kwa vidole. Injini ikiwa na joto na iko sailensa, yaani inaunguruma bila kuongezewa moto, bana mpira wa mafuta karibu na kabureta. Inapaswa kuendelea sekunde mbili au tatu, ipandishe sauti kidogo, halafu ife. Ikifa papo hapo mafuta ni machache; ikiendelea muda mrefu ni mengi.

Kama baada ya yote haya kasi inapanda na kushuka yenyewe ikiwa imesimama, tafuta mahali inapovuta hewa: shingo ya kabureta na kifuniko cha nyuma cha injini. Na chujio. Sponji ya chujio lazima iwe imelowa oili yake maalumu, maana sponji kavu inapitisha vumbi, na vumbi linakwangua silinda mpaka siku moja unavuta kamba unaona ni laini kama haina kitu ndani.

Umeniandikia pia kwamba mafuta unayahifadhi kwenye chupa ya soda. Yamwage leo hii kwenye galoni lake lenye maandishi, au nunua jipya. Ile ni methanoli, ni sumu. Mtoto akidhani ni juisi anaweza kupofuka au kufa. Pia inavuta unyevu, na Tanga unyevu haununuliwi, kwa hiyo kifuniko kikazwe kila ukimaliza kumimina. Ikishika moto juani, ndimi zake hazionekani vizuri. Usijazie injini ikiwa inawaka huku umeinama juu yake.

SWALI: Kaka, huku Muscat bagi yangu inaendeshwa vizuri Januari, ikifika majira ya joto, Juni, inapiga tumbo chini kila tuta. Nimenunua springi ngumu, imekuwa inarukaruka. Nikanunue pistoni?
Msomaji wa Muscat

JIBU: Usinunue kitu, bwana wangu. Rudisha springi zako. Oili ya silikoni inapungua uzito ikipata joto, na gari lililoachwa juu ya lami ya Oman mchana wa Juni lina shokapu za moto kabla hata halijaanza kukimbia. Kama Januari unatumia oili ya shokapu ya 450, Juni jaribu 550 au 600. Jaza shokapu jioni, siyo katika chumba kilichoganda kwa kiyoyozi, ili unachokibonyeza mezani kifanane na utakachokiendesha. Fuata namba za mnato (cSt) na siyo zile za uzito (wt), kwa sababu uzito 40 wa kampuni moja si lazima uwe uzito 40 wa jirani yake. Na mwavuli, bwana. Lifunike gari kama unavyojifunika wewe.

SWALI: Beringi zangu zinakwama kila baada ya wiki chache. Naendesha ufukweni.
Msomaji, Unguja

JIBU: Umeuliza na umejijibu. Chumvi na mchanga wa matumbawe, hakuna beringi inayovipenda. Ukishindwa kuacha, basi siku hiyo hiyo suuza kwa maji baridi ya bomba, kausha, toa beringi, nyanyua kifuniko chake cha mpira kwa ncha ya wembe, safisha, weka tone la oili. Za magurudumu ndizo zinazotangulia kufa.

SWALI: Shikamoo fundi. Mwanangu ana miaka kumi na miwili, anataka gari la rimoti la mashindano. Sijui hata pa kuanzia, na hizo betri nasikia zinalipuka.
Mama, Mwanza

JIBU: Marahaba, dada yangu. Mnunulie bagi ya umeme ya saizi ya moja kwa kumi inayouzwa ikiwa imeshaunganishwa. Usichague rangi wala kasi. Muulize muuzaji swali moja: mkono wa mbele ukivunjika, unao dukani? Maana utavunjika, tena wiki ya kwanza. Asipokuwa nao, aga kwa heshima.

Betri za lithiamu hazilipuki ovyo, zinaadhibu uzembe. Chaja iwe ile inayosawazisha seli, yenye kile kiplagi kidogo cheupe cha ziada. Betri ya miliampea 5,000 ichajiwe kwa ampea 5, siyo zaidi. Chajia juu ya sakafu ya saruji, mbali na pazia na godoro, kukiwa na mtu macho. Asiiendeshe mpaka gari lizimike kabisa. Seli ikishuka chini ya volti 3 inaharibika. Kama haitumiki wiki nzima, iachwe kwenye volti 3.8 kwa kila seli, chaja nzuri zina sehemu ya kufanya hivyo. Betri ikivimba, hata kidogo, haiingii tena kwenye gari, na msimruhusu aitoboe kuitoa hewa. Umeme ukikatika katikati ya kuchaji, chomoa betri kwenye chaja kwanza, kisha ndipo usubiri urudi.