Elementi 20 za kwanza: kumi kwa sentensi, kumi kwa basi la Dar

Mdogo wangu wa kidato cha pili, umesema uko hapa Mtwara na kila ukikariri elementi 20 za kwanza unakwama kwenye neoni. Waliokushauri uziimbe kila usiku sibishani nao, ila wimbo una kasoro: ukiulizwa ya 14 lazima uanze tena na haidrojeni.

Watoto ninaowafundisha tuisheni jioni nawapa sentensi kwa kumi za mwanzo: "Hamisi, hela limbikiza benki, baadaye chukua nyumba, oa, furahia neema." Mianzo ya maneno ndiyo alama zenyewe: H, He, Li, Be, B, C, N, O, F, Ne. Binti mmoja alimkataa Hamisi, akamweka Hadija, na "oa" ikawa "olewa". Safi kabisa, cha kujitungia hakitoki kichwani upesi.

Kuanzia ya 11 sentensi inagoma. Na, Mg, Al, Si, P, S, Cl, Ar, K, Ca: jaribu kutunga uone. Hapo tumia mahali. Ni mbinu kongwe. Cicero wa Roma anasimulia habari za mshairi Mgiriki Simonides, aliyeitambua miili ya watu walioangukiwa na paa karamuni kwa kukumbuka kila mmoja alikuwa amekaa wapi.

Sisi wa kusini tuna barabara ya Dar. Panda basi Mtwara, na kila kituo ukione kioja. Mikindani, abiria wanagombea chumvi dirishani, "Na mimi! Na mimi!" Hiyo ni sodiamu, Na. Mnazi Mmoja, mnazi wenyewe unawaka mwanga mweupe wa kuumiza macho, kama ule utepe wa magnesiamu maabara. Lindi, sufuria za aluminiamu zinaelea baharini. Nangurukuru, basi limezama kwenye mchanga: silikoni. Somanga, konda anawasha kiberiti ubavuni mwa basi, na ubavu wa kiberiti una fosforasi.

Daraja la Mkapa ndipo ninapopapenda. Mtu kasimama na mashine ya kupulizia mikorosho, daraja zima limekuwa la njano, abiria wanakohoa. Aliyekulia kwenye korosho haelezwi salfa ni nini. Ndiyo tunayopulizia ubwiri unga, ule ukungu wa mikorosho. (Enzi za kivuko cha Ndundu, kabla ya daraja, ungepanga elementi nyingine kumi kwenye foleni tu.)

Ikwiriri, maji ya kunywa yananuka dawa: klorini. Kibiti, globu kubwa kama nyumba, ndani yake agoni. Mkuranga, muuza ndizi ana herufi K mgongoni: potasiamu. Mbagala, kuta zote zinapakwa chokaa: kalsiamu.

Sasa ya 14 ni kituo cha nne, Nangurukuru, silikoni. Hujaimba chochote. Na ukishajua kalsiamu ni ya 20, yaani ina elektroni 20, mpangilio wa elektroni 2:8:8:2 unautoa mwenyewe.

Jipime kwenye karatasi tupu, halafu rudi kinyume kutoka Mbagala. Kusoma tena daftari hakuhesabiki, kunakudanganya kwamba unajua. Leo, kesho, kisha baada ya siku chache.

Hii haitakufundisha kwa nini sodiamu inalipuka kwenye maji. Hayo soma kitabu. Na usipakie orodha mbili kwenye barabara moja, chumvi na vitu vingine vitagombana Mikindani. Mfuatano wa metali kwa ukali wa kutenda upeleke njia ya Nanyamba, Tandahimba, Newala hadi Masasi.