Deni la marehemu linalipwa na nani?

SWALI: Wakili, shikamoo. Baba yetu amefariki hapa Tanga miezi michache iliyopita. Ameacha nyumba, bajaji moja na fedha kidogo benki. Msimamizi wa mirathi bado hatujapeleka mahakamani. Sasa amekuja mwenye duka la vifaa vya ujenzi na daftari lake, anadai shilingi 3,400,000 za mabati na saruji. Kaka anasema deni limezikwa na mwenyewe. Shehe anasema watoto lazima tulipe. Mwenye duka naye anatutishia polisi. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, na poleni sana kwa msiba. Kaka yako amekosea, na mwenye duka amekosea. Shehe yuko karibu na haki, ila hiyo "lazima" ina mpaka wake.

Deni la baba liko kwenye mali yake. Mali ikitosha, linalipwa lote kabla mrithi hajagusa kitu. Isipotosha, mdai anapata kilichopo, na hakuna sheria inayomruhusu kuja kukamata pikipiki yako wewe au mshahara wa dada yako. Kuhusu polisi, msiwe na hofu: hili ni dai la madai, si jinai, na mtoto hawekwi mahabusu kwa deni la mzazi.

Dini yenu inasema hivyo hivyo. Aya za mirathi katika Sura ya An-Nisaa zinarudia kwamba mgawo ni baada ya wasia na deni. Wasia umetajwa kwanza, lakini wanazuoni wamekubaliana kuwa deni ndilo linalotangulia kulipwa, baada ya gharama za maziko. Mtume (s.a.w.) aliwahi kuacha kumsalia maiti aliyekuwa na deni la dinari mbili, mpaka sahaba wake Abu Qatada aliposema, "Hizo ziko juu yangu." Abu Qatada hakuwa amelazimishwa, alijitolea. Kwa hiyo mali ya baba ikiisha na deni likabaki, mtoto akilipa kutoka mfukoni mwake amemfanyia mzazi wema mkubwa, na mimi ningependa kuona mnafanya hivyo mkiwa na uwezo. Ila mahakama haitawalazimisha.

Sasa lile daftari. Hapa ndipo familia nyingi zinapoumia, maana aliyejua ukweli wa hesabu yuko kaburini. Ombeni kuliona, mlisome mstari kwa mstari: tarehe, idadi ya mabati, mahali baba aliposaini, na malipo aliyokuwa akipunguza. Muulizeni fundi aliyeezeka. Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai, kwa sheria ya nchi na kwa fikihi (elimu ya sheria za Kiislamu) pia. Kwa Mashafi, yaani wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafi, anayemdai marehemu huleta ushahidi wake kisha huapa kwamba hajalipwa, kwa sababu marehemu hawezi kujitetea. Sheria ya Ukomo wa Muda nayo inampa mdai wa mkataba miaka 6 kufungua shauri. Mbele ya Mungu haki yake haifutwi na kalenda, kwa hiyo deni la zamani lililo wazi lipeni tu.

Kaeni kikao cha ukoo, andikeni muhtasari, mteue mtu mmoja, kisha mfungue shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa, ndani ya miezi minne anatakiwa kupeleka Fomu Na. 5 inayoonyesha mali na madeni. Daftari la mwenye duka linaingia hapo. Baadaye Fomu Na. 6 itaonyesha nani alilipwa nini. Msimwachie kaka auze bajaji kabla ya hapo. Mkigawana mapema, mdai anaweza kwenda mahakamani kuomba mlichochukua kirudi.

Bila shaka siku ya maziko mtu wenu alisimama kabla ya swala akatangaza, "Mwenye kumdai marehemu aje kwa familia." Tangazo hilo ni jema na halimfungi aliyelitoa. Kinachofunga ni karatasi. Mwenye duka akiwaletea ahadi ya malipo aliyoiandaa mwenyewe, asiisaini mtoto yeyote kwa jina lake. Aisaini msimamizi, kwa niaba ya mirathi, akishapata barua ya uteuzi, na kila malipo yakifanyika adai risiti.