Muulize Fundi Umeme: Taa zote zinawaka, ninunue sensa?

SWALI: Mwanangu fundi, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Morogoro. Gari langu dogo la Kijapani la mwaka 2012 lilifungwa traka (kifaa cha kufuatilia gari lilipo) mwezi uliopita. Tangu hapo nikipita kwenye matuta, taa za ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge ukikanyaga breki), usukani na injini zinawaka kwa pamoja na mshale wa spidi unaanguka hadi sifuri, kisha unarudi. Injini haizimi. Fundi wa hapa ameniandikia orodha: sensa nne za magurudumu na kompyuta ya injini. Ninunue?

JIBU: Shikamoo mama. Usinunue hata sensa moja.

Sensa nne hazifi kwa pamoja halafu zikafufuka baada ya tuta. Taa za mifumo mbalimbali zikiwaka na kuzima pamoja, mimi hushuku kwanza kile ambacho mifumo hiyo inakitumia kwa pamoja. Kwenye gari lako ni waya mbili nyembamba zilizosokotwa, mtandao wa kompyuta za gari uitwao CAN. Ni kazi ya Bosch ya Ujerumani, walioutambulisha Detroit mwaka 1986, na siku hizi ni nadra kukuta gari jipya lisilo nao.

Kompyuta ya breki ndiyo inayosoma magurudumu. Ikishapata spidi inaitupa kwenye waya hizo, na kila mwenye shida nayo anaichukua: dashibodi isogeze mshale, usukani wa umeme ujue uwe mwepesi kiasi gani. Ni kama kundi la WhatsApp la ukoo, mmoja anaandika, wote wanasoma. Ila humu kuna adabu zaidi! Kila ujumbe huanza na namba. Wawili wakianza pamoja, mwenye namba ndogo anapita, mwenziwe ananyamaza papo hapo na kurudia baadaye. Kwa kasi ya kilobiti 500 kwa sekunde, ujumbe mmoja humalizika kwa takriban robo ya milisekunde. Kwa hiyo waya ikiachia kidogo tu kwenye tuta, jumbe nyingi zimeshapotea, na kila kompyuta inawasha taa kulalamika kwamba haimsikii mwenzake.

Injini haizimi kwa sababu sensa zake muhimu zina waya zake hadi kwenye kompyuta yake. Hiyo kompyuta ni nzima, mama. Tena ya mtumba mara nyingi haikubali ufunguo wako mpaka ioanishwe nao, gharama juu ya gharama.

Kipimo chenyewe ni cha mita ya kawaida. Fundi azime gari, atoe terminali ya betri, asubiri dakika chache, kisha apime omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kati ya pini namba 6 na 14 kwenye soketi ya kuchomeka mashine ya kupimia gari, iliyo chini ya usukani. Kila ncha ya mtandao ina kizuizi cha omu 120, kwa hiyo zote mbili zikiwepo mita inasoma karibu 60. Ikisoma 120, upande mmoja umekatika. Ikikaribia sifuri, waya mbili zinagusana. Wakati anapima, mtu atikise waya alipofunga yule wa traka. Namba ikirukaruka, mmempata mwizi.

Traka ya kawaida inahitaji waya wa moto, wa ardhi na wa swichi. Ya kukata mafuta huongezewa rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme. Wapo wanaodandia CAN wasome mafuta na spidi, na hapo ndipo nagombana nao: wanachuna waya, wanazungusha kwa vidole, tepu juu. Aliyekufungia arudi atoe viungo vyake, waya za CAN ziungwe kwa solda na zisokotwe kama zilivyokuwa.

Kabla ya hapo usishuke nalo mteremko mkali wa Kitonga. Breki za kawaida unazo, lakini ABS inaweza isikusaidie, na usukani unaweza kubadilika uzito katikati ya kona.

Na huyo wa orodha, mwambie akuonyeshe kwanza namba kwenye mita. Akikataa, mpe nauli aende zake.