Msikodi Duka la Vitabu: Anzeni na Rafu ya Saluni

Msomaji wa Kisauni, Mombasa, anauliza: yeye na wenzake wanataka kufungua duka la vitabu vya wanawake wanaopenda wanawake. Wakodi Nyali au Mji wa Kale? Kwa sasa, popote msikodi. Kodi imeshayazamisha maduka yenye majina makubwa. Silver Moon, duka la vitabu vya wanawake la London, lilifunguliwa 1984, likafungwa 2001 baada ya kodi ya pale Charing Cross Road kupanda. Wenzao wa Marekani, waandishi kina Barbara Smith na Audre Lorde, walipoanzisha shirika la uchapishaji mwaka 1980 waliliita Kitchen Table, yaani meza ya jikoni, kwa kuwa jikoni ndipo wanawake hukaa wakapanga yao.

Jikoni kwenu ni saluni. Mwanamke akikaa saa tatu anasukwa, hakuna wa kumuuliza anangoja nini. Wekeni rafu moja, vitabu 20 hivi, vyenu vichanganyike na riwaya na mapishi. Mwenye saluni asifichwe: ajue kila kilichomo, na kila kitabu kikiuzwa apate asilimia 20 papo hapo. Wanaoazima waandikwe kwa namba, si kwa jina wala simu. Daftari hupotea, tena hupotelea mikononi mwa mtu asiyefaa.

Halafu chapeni vijitabu vyenu wenyewe. Karatasi 10 za A4 zikikunjwa katikati ni kurasa 40 za A5. Idadi ya kurasa lazima igawanyike kwa 4, la sivyo mtabaki na kurasa tupu mwishoni. Pambizo ya ndani isipungue milimita 15. Saiba ndipo watu wanapojichoma: faili likitumwa kwa imeili ya saiba, linabaki kwenye kompyuta yao. Nendeni na flashi, chapeni PDF kutoka humo humo, na karatasi zilizoharibika ondokeni nazo.

Msibane kwa pini za stepla. Chumvi ya hewa ya Mombasa huzitia kutu, na kutu hula karatasi pale pale kwenye mkunjo. Shoneni. Toboeni matundu matatu kwenye mkunjo, paka uzi nta ya mshumaa, ingiza sindano tundu la kati kutoka ndani kwenda nje, rudi ndani kwa tundu la juu, ruka la kati, toka kwa la chini, kisha rudi ndani kwa la kati. Ncha mbili zikae huku na huku ya ule uzi mrefu wa ndani, funga fundo juu yake. Mkono ukizoea, ni kazi ya dakika chache.

Sheria je? Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, kinachokataza ngono "kinyume cha maumbile", kipo bado, Mahakama Kuu ilikataa kukifuta Mei 2019, ila kinahusu kitendo, si kusoma. Wenye vitabu waangalie cha 181, cha machapisho machafu: picha za utupu zisikanyage rafuni. Lakini kabla ya polisi kuna jirani na mwenye nyumba, kwa hiyo mkikutana picha zisipigwe kabisa, hata za migongo. Dera hutambulika.

Rafu iachane na ukuta kwa upana wa vidole vitatu. Kuta za mawe ya matumbawe hunyonya maji. Kitabu kikilowa, kifungueni kivulini penye upepo, si juani, gundi itapasuka.

Kijitabu chenu anzeni na nakala 30. Pesa mliyonunulia karatasi ikirudi, chapeni 30 nyingine. Mtu wa matbaa atawashawishi mchape 300 kwa kuwa bei ya moja inashuka. Muulizeni mtaziweka wapi masika ikiingia.