Nimemdhamini shemeji, sasa mkopeshaji anasimama mezani pangu

*"Mama, ninauza unga wa mahindi soko la Kenya, hapa Lubumbashi. Mwezi uliopita shemeji yangu, mdogo wa bwana yangu, ambaye tunaimba naye kwaya, aliniomba nimdhamini kwa banki lamberti, yaani mkopeshaji wa mtaani, achukue dola 800 za kununua pikipiki ya teksi. Riba ni 30 kwa mia kila mwezi. Nilitia sahihi, bwana yangu hajui. Friza yangu na mifuko ya unga imeandikwa kuwa rehani. Mwezi umekwisha, shemeji hajaleta hata makuta, na mkopeshaji amekuja kusimama mezani pangu mbele ya wateja. Mwenzangu wa kwaya ananiambia nivumilie, kwani Yuda alimdhamini Benyamini na Mungu akafungua njia. Nikitaka kujitoa, nitakuwa nimekosa imani? Au nilipe kwa likelemba, mchango wetu wa kupokezana? Zamu yangu ni mwezi ujao."* Mama wa Katuba

Dada yangu mpendwa, fungua Mithali sura ya 6. Wengi huisoma kama onyo kwa mtu ambaye bado hajatia sahihi, lakini mistari mitano ya kwanza inasema na wewe uliyekwisha kutia. Umenaswa kwa maneno ya kinywa chako, inasema, basi nenda ukajinyenyekeshe, umsihi mwenzako, usiyape macho yako usingizi, ujiponye kama paa mkononi mwa mwindaji. Sioni hapo neno hata moja la kukaa na kungoja. Ukihangaika kutoka, unatii Neno, na anayekuambia uvumilie hajausoma ukurasa huo.

Na Yuda? Mwanzo 43 inaonyesha alivyosimama mbele ya baba yake akasema: mimi ndimi mdhamini wake, umdai kwangu. Mambo yalipoharibika huko Misri, sura ya 44, alijitoa mwenyewe abaki mtumwa mahali pa mdogo wake. Paulo naye alimwandikia Filemoni kuhusu Onesimo: kama anadaiwa, niandikie mimi, nitalipa. Wote wawili walisema wazi, wakaweka kilicho chao, wakijua watalipa. Wewe umeweka unga wanaoula watoto, na baba yao hana habari. Siandiki hivi kukuumiza. Nakuandikia kwa sababu nimeona akina mama wengi sokoni wakidhani mdhamini ni shahidi tu. Mdhamini ni mlipaji, ila zamu yake haijafika. Kama ungekuwa na dola 800 za kupoteza bila kinyongo, ningekuambia msimamie shemeji kwa moyo wote. Huna. Mithali 22 inamuuliza mtu kama wewe: kwa nini wakuondolee kitanda ulichokilalia?

Tupige hesabu. Riba peke yake ni dola 240 kila mwezi. Mkilipa riba miezi minne, mmetoa 960, zaidi ya mlichokopa, na deni la 800 liko palepale. Nehemia sura ya 5, watu wa Yerusalemu walikuwa wameweka rehani mashamba, mizabibu na nyumba zao ili wapate nafaka wakati wa njaa. Nehemia aliposikia alikasirika sana, akawaita wakuu hadharani, akawaambia warudishe mashamba pamoja na ile sehemu ya mia waliyokuwa wakitoza. Moja katika mia ilimkasirisha mtumishi wa Mungu. Huyu wako anachukua thelathini, na wakopeshaji wengine wa namna hiyo tunakaa nao benchi moja Jumapili. Wachungaji wetu walihubiri hili, tafadhali.

Likelemba usiiguse kwa ajili ya riba, hata dola moja. Kama zamu yako inakuja mapema na wenzako bado wako nyuma, hizo pesa ni deni lako kwao. Ukizimwaga kwa lamberti utakuwa na madeni mawili na hutakuwa na mtaji wa kwenda kununua bidhaa mpakani Kasumbalesa. Zitumie tu ikiwa zinamaliza deni lote na karatasi ya mkopo inachanwa siku hiyohiyo.

Bwana yako mwambie leo, watoto wakishalala. Usianze na makosa ya mdogo wake, maana atamtetea ndugu yake au atamkasirikia, na wewe utabaki pembeni. Anza na sahihi yako: "Baba watoto, niliweka mkono wangu kwenye deni bila kukuuliza, na nimekosa. Nisaidie tutoke." Unyenyekevu ule wa Mithali 6 ndipo unapoanzia. Kama unaogopa hasira yake, usiwe peke yako. Mwite dada yake mkubwa au mke wa mchungaji akae nanyi.

Kisha nendeni wawili kwa shemeji, nyumbani kwake, si kwenye mazoezi ya kwaya. Swali ni moja: pikipiki iko wapi na inaingiza kiasi gani kwa siku? Kama inafanya kazi, pesa ya kila siku ipitie kwa bwana yako kabla ya kufika mfukoni mwa shemeji. Kama imelala, iuzwe juma hili. Atalia, atasema unamvunjia maisha. Msikilizeni kwa upole, na pikipiki iuzwe.

Kwa mkopeshaji nendeni na pesa mkononi na mashahidi wawili. Mwombeni asimamishe riba, alipwe zile 800 zenyewe kwa vipande. Wengi hukubali wakiona noti, kwa sababu wanajua friza iliyotumika haiuziki haraka. Kila kipande kiandikwe, wote watie sahihi. Na siku ya mwisho msiondoke bila ile karatasi ya kwanza, yenye jina lako na orodha ya mifuko ya unga. Ichaneni palepale, mbele yake.